Maneno Yote ya Kubeba

Wewe unayesoma haya ukiwa na simu mkononi, hebu andika neno "carry" uone litakuletea nini. Litakuletea "bear", "haul", "lug", "convey", "support" na mengine, yamepangwa kama nyanya za sokoni, zote zinang'aa na zote bei moja. Mchuuzi anayepanga nyanya hivyo anaficha zilizooza. Mimi nimelifundisha neno hilo kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wenu, na sijaona simu iliyonishinda.

Juzi neno hilohilo lilinitoa nyumbani kwangu Karurumo, Embu, hadi Kianjai, huko Meru. Nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua.

"Ni Mwalimu Rwamba? Mimi naitwa Kinya. Nimeolewa kwa Mzee Baariu, yule alikuwa mlinzi Makutano. Upande wake wa kulia umekufa. Akitolewa kitandani analia kama mtoto, halafu anaita jina lako."

"Nani anamtoa?"

"Vijana wa boda wakipita. Wanamvuta tu. Mume wangu yuko kazi mbali."

"Na wewe?"

"Mwalimu, mimi ni mkaza mwana wake. Nitamshikaje?"

Nikamwambia nakuja. Lakini ili mjue kwa nini mzee mgonjwa wa Kianjai aite jina la mwanamke wa Embu badala ya jina la daktari, lazima niwarudishe nyuma kidogo, na mvumilie nikijisifu, maana hakuna mwingine aliyewahi kunisifu.

Nimezaliwa katika nyumba ya udongo. Mama yangu alisomba kuni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya kichwa na kushika mzigo mgongoni, mpaka ukanda ukamchimbia mfereji utosini. Ukimpapasa kichwa ungeutambua kwa kidole. Hakuna aliyenichangia kwenda ng'ambo. Nilikwenda Uingereza kwa jasho langu, nikafanya kazi katika nyumba ya wazee, na nikasomea diploma ya kufundisha Kiingereza kwa wageni nikiwa bado na aproni ya kazi kiunoni. Diploma hiyo iko ukutani sebuleni. Atakaye kuisoma na aje, ila avue viatu mlangoni.

Huko ng'ambo mwalimu wangu wa kweli hakuwa chuoni. Alikuwa Bwana Harold, mwalimu mstaafu aliyekataliwa na miguu yake, na mimi ndiye niliyepewa kumhudumia. Asubuhi ya kwanza nilimwambia, kwa kile Kiingereza changu cha Karurumo, kwamba nimekuja kumbeba hadi bafuni.

"Mimi ni gunia la viazi?" akauliza.

"Hapana, bwana."

"Basi usinibebe. Gunia halina maoni. Mimi ninayo, tena mengi."

Tangu siku hiyo alinipa neno moja la kubeba kila asubuhi, na kunikataza kulitumia mpaka niupate mwenyewe mzigo unaolistahili. Nilikuwa nikizunguka jengo zima na ndoo na mashuka nikitafuta mzigo wa neno. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba "haul" ni kwa kitu kisichotaka kwenda, kama jiwe au mbuzi. "Lug" ni kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukitaki, lakini huna pa kukiacha. "Bear" ni kwa kile usichoweza kukitua. Na "support" si kubeba hata kidogo. Mwenye mwili anajibeba mwenyewe, wewe unamwazima mkono tu.

Siku moja akaniuliza kwetu tunasemaje. Nikamhesabia: mtoto wa mgongoni unamweleka, wa mapajani unampakata, mtungi unajitwika, mchanga unausomba, gogo unalikokota, mzigo wa begani unaupagaa. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Una maneno yote hayo," akasema, "halafu ulikuja kuniambia mimi unanibeba?"

Niliporudi nchini nilipata kazi katika chuo kimoja kidogo Makutano, mjini Meru, ghorofani juu ya duka la pembejeo. Mkurugenzi alikuwa Kirimi, bwana mwenye tai nyingi na safari chache. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Nairobi kununua viti vya chuo. Kazi yetu ilikuwa kuwaandaa vijana wa Meru na Embu kwenda kuhudumia wazee ng'ambo. Kabla ya kusafiri, kila mmoja alihojiwa na mtu wa huko kupitia kompyuta, kwa Kiingereza, na akishindwa anarudi nyumbani kuangalia kahawa.

Mimi sikuandika "carry" ubaoni. Niliwaambia walete mizigo. Wakaleta trei ya mayai, mtungi wa maji, kuni na mukwa wake, mwanasesere, na furushi la miraa lililofungwa kwa majani ya ndizi. Kila mzigo ulitembezwa darasani, na aliyeutembeza alitafuta neno lake. Kijana aliyeinua miraa kama kuni alizomewa na wenzake wote, maana Meru hata mtoto anajua miraa haishikwi hivyo. Nikawaambia, mmeona? Hamkusoma popote, lakini mnajua kwamba mikono hubadilika kulingana na mzigo. Basi maneno nayo ni hivyohivyo.

Kisha nikawapeleka mbali zaidi. Mhubiri wa sokoni alikuwa akipiga kelele chini na sauti yake ikatufikia ghorofani: Mwingereza angesema hiyo sauti nayo ina-"carry". Mama mjamzito, duka lenye bidhaa fulani, mbu mwenye malaria, mtoto wa hesabu anayepeleka moja upande wa kushoto, wote husemwa kwa neno hilohilo. Vijana walishika vichwa. Nilipenda sana kuwaona wakishika vichwa.

Lakini mayai na miraa havisemi vikiumia. Nilihitaji mwili wa mtu mzima. Ndipo nikamwona mlinzi wa duka la chini, Mzee Baariu wa Kianjai, mrefu, mkavu kama mti wa miraa, mchana kutwa hana kazi ila kusalimia wapita njia. Nikamwomba awe mgonjwa wetu. Malipo yake chai na mandazi mawili.

"Wewe mtu wa Embu," akasema, "umevuka mito yote kuja kutufundisha sisi watu wa Meru kulala?"

Lakini alipanda ngazi. Na nawaambia, sijaona mgonjwa hodari kama yule. Kila asubuhi aliingia darasani kwa miguu yake miwili mizima, akavua kofia na kuuliza, "Mwalimu, leo nimekufa upande gani?"

"Kulia, Mzee."

"Jana ilikuwa kushoto. Hawa watoto watanimaliza."

Kisha analala juu ya meza, upande ule unalegea kabisa, hata mdomo anaupinda. Kijana mmoja wa mji wa Maua alimshika kwapani akamvuta kwa nguvu. Mzee akapiga kelele hadi wenye duka wakatoka nje.

"Wewe! Unang'oa muhogo?"

Hivyo ndivyo walivyojifunza. Kwapa la mgonjwa halivutwi, bega linaweza kuteguka. Mkono mmoja uende nyuma ya bega, mwingine nyonga. Mguu wako uzuie mguu wake usiteleze. Mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya, na umngoje. Inuka naye, si kabla yake. Shikeni hapo, hata kama hamtaki kwenda popote. Sote tuna wazazi.

Msichana aliyenishinda alikuwa Gatwiri, naye wa Kianjai. Kwa maneno hakuwa na mpinzani. Ukimtajia mzigo, anakutajia neno kabla hujafunga mdomo. Zamu yake ilipofika ya kumwinua Mzee, alisimama kando ya meza mikono nyuma.

"Gatwiri, anza."

Mikono ikabaki nyuma.

"Huwezi au hujui?"

"Najua, Mwalimu. Lakini huyu ni rika la baba yangu. Walitahiriwa pamoja. Huyu ni baba. Nitamshika nyonga mbele ya watu?"

Nilitaka kumkaripia. Kwetu Embu mambo hayo yapo pia, lakini mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka mingi na nilijiona nimeyavuka. Kabla sijasema kitu, maiti yetu ya upande wa kushoto iliketi wima juu ya meza.

"Mwari, wewe ni wa nani?"

Gatwiri akataja jina la baba yake. Mzee akatikisa kichwa polepole. Kisha akajitemea mate kidogo kifuani, kama wazee wa huku wanavyofanya wakibariki, akasema, "Mimi baba yako nimesema. Mkono wako juu yangu si aibu, ni mkongojo wangu. Sasa njoo haraka, meza hii inaniumiza mgongo."

Gatwiri alimshika. Hakuna aliyewahi kumshika Mzee vile. Alimwinua kana kwamba Mzee ndiye aliyekuwa akiinuka na yeye anamsindikiza tu. Tangu siku hiyo ruhusa ilikuwa hatua ya kwanza katika somo langu. Kijana anaomba, Mzee anabariki, ndipo mikono inasogea. Hakuna kitabu cha Kiingereza chenye hatua hiyo. Ni yangu mimi na Baariu, na akitokea mtu kudai ni yake, mwambieni nimekataa.

Mkurugenzi Kirimi alipanda siku moja na wageni wake, akamkuta Mzee mezani kiatu kimoja kimemtoka mguuni.

"Madam, hii ni chuo ama mochari?"

"Mochari hawajibu, mwanangu," Mzee akasema akiwa amefumba macho.

Vijana walicheka. Wageni walicheka. Kirimi hakucheka, na mtu asiyecheka wengine wanapocheka, mwogopeni. Wiki iliyofuata Mzee aliambiwa asikanyage ngazi tena. Alisimama chini na kofia yake mkononi, akanitazama nikipita, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza amekufa upande gani.

Badala yake tukaletewa projekta na karatasi zilizochapishwa: "carry", kisha maneno mengine yote chini yake, yakaririwe.

"Madam, wazungu wanapenda maneno makubwa," Kirimi aliniambia. "Wape hawa watoto maneno makubwa."

"Umeishi nao wapi, Mkurugenzi?"

"Si lazima nilale kwa zizi ndio nijue maziwa."

Siku ya mahojiano nilikaa nyuma ya chumba, nimekatazwa kusema. Yule kijana wa Maua, aliyekuwa amejifunza vizuri kumshika Mzee, aliulizwa angemsaidiaje bibi kizee kutoka kitandani. Macho yakamtoka, akaikumbuka karatasi, akachagua neno lililomeremeta. Akasema ata-"haul". Mwanamke wa kule kwenye kioo alivua miwani akaiweka chini. Kijana yule hakusafiri. Mikono yake ilikuwa inajua. Sisi ndio tuliomfunika mikono kwa karatasi.

Gatwiri alipoulizwa swali hilohilo alijibu kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mtoto angekielewa. Kwanza, alisema, nitamuuliza kama ananiruhusu nimguse. Mwanamke yule alivaa miwani yake tena.

Baada ya mwezi kukawa na bango kubwa pale Makutano, picha ya Gatwiri anatabasamu, na maandishi: Matunda ya Mfumo Wetu wa Kidijitali. Wakati huohuo mimi niliambiwa umri wangu umesonga na chuo kinahitaji damu changa. Niliambiwa hayo na mtu asiye na diploma hata ya kufuga kuku. Nikachukua kikombe changu nikaondoka. Mzee Baariu alinifungulia geti, akasema, "Sasa sote tumekufa pande zote." Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yangu ya kustaafu. Msidhani nimesamehe. Nikipita pale hutazama upande wa pili wa barabara.

Gatwiri hunipigia Jumapili akitoka kanisani. Ananiambia wazee wa huko wanagombania zamu yake kwa sababu anawaomba ruhusa. Nafurahi. Najivuna hata kwa majirani. Kisha nakata simu, na nyumba inakuwa kimya, na mimi goti langu hili la kushoto halitaki kuinuka kitini.

Basi hiyo juzi nilifika Kianjai. Kinya alinipokea kwa heshima, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono imepasuka kwa kulima. Chumbani nilimkuta Mzee amelalia ubavu, shati limepanda, na chini ya kwapa alama nyeusi za vidole vya wale vijana wa boda. Kumbe wamekuwa wakimng'oa kama muhogo kila siku, na yeye hana tena mdomo wa kuwaambia.

Alinitambua. Nusu ya uso wake ilicheka, nusu nyingine ikabaki pale ilipo.

"Mwa-limu," akasema kwa shida. "Upande... gani?"

"Kulia, Mzee."

"Leo... kweli."

Niligeuka nikatazama dirisha mpaka macho yakawa sawa.

Ningeweza kumshika mwenyewe siku ile. Mgongo wangu ungelalamika lakini ningeweza. Je, kesho? Na kesho kutwa? Nikamwita Kinya asogee. Akabaki mlangoni, leso ameikaza kifuani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nihurumie. Nampikia, namfulia, namwombea. Lakini kumkumbatia baba mkwe? Watu watasema nini? Yeye mwenyewe atasema nini?"

"Tumuulize."

Nikamwinamia Mzee. "Unakumbuka ulivyomwambia yule binti wa mtu wa rika lenu? Mwambie na huyu."

Alikumbuka. Niliona kwa lile jicho la kushoto. Akakusanya mate, akajaribu kujitemea kifuani. Lakini mdomo uliokufa haukufunga. Mate yalimtoka pembeni yakamtiririka kidevuni hadi shingoni, na mkono wake wa kulia, ambao ungeyafuta, ulikuwa umelala pale kama wa mtu mwingine. Akafumba macho. Mzee yule aliyewajibu wageni wa Kirimi akiwa amelala, sasa alikuwa akiona aibu ya mate.

Kinya aliachia leso yake. Alivuka chumba, akapiga goti, akashika pindo la leso akamfuta kidevu, kisha shingo, kisha kidevu tena, taratibu, kama anavyofutwa mtoto aliyemaliza uji. Alipotambua anachofanya alitulia, mkono wake bado uko shavuni kwa baba mkwe wake.

"Amesharuhusu," nikamwambia. "Sasa mkono mmoja nyuma ya bega. Mwingine nyonga. Usivute. Mwambie kwanza, halafu umngoje."

"Baba," Kinya akasema, "twende juani."

Walikwenda juani. Ilichukua muda, na karibu na kizingiti waliyumba wote wawili nikadhani wataanguka, lakini Kinya aliweka mguu mbele ya mguu wake bila mimi kusema. Mzee alipoketi kwenye kiti, alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu.

"Anataka nini?" Kinya akauliza.

"Mandazi yake mawili."

Nilikuwa nimeleta mkate na majani ya chai, kama mgeni asiyemjua mwenyeji. Kinya akaingia jikoni kutafuta unga.

Alipokuwa akikanda, aliniuliza, "Mwalimu, hii kushika umenifundisha, kwa Kiingereza inaitwa nini? Nasikia kuna watu wanasomea, wanaenda ng'ambo."

Mimi, ambaye sijawahi kumnyima mtu neno maishani, ambaye nimesimama mbele ya madarasa mengi nikililia neno sahihi kwa mzigo sahihi, nilichungulia nje nikamwona Mzee juani, kiganja bado kiko wazi. Kila niliyewahi kumpa neno lile, likamkaa vizuri mdomoni, alipanda ndege, na wazee wake wakabaki.

"Haina jina," nikamwambia. "Kanda unga."